Umepimwa moyo ukaambiwa uko sawa lakini bado unaogopa yale mapigo ya kuruka? Tuongee hapa

Karani_Donholm:

Wasee habari zenu. Huu uzi ni wa watu fulani, wale ambao moyo unaruka ruka, wameenda hospitali wakapimwa, daktari akawaambia hakuna shida, na bado wakilala usiku wanaweka mkono kifuani wanangojea lile pigo lingine. Najua tuko wengi humu Nairobi juu kila nikigusia hii stori kazini kuna mtu atanivuta kando baadaye aniambie "hata mimi". Nimeishi na hii kitu miaka, sai naishi nayo vizuri kabisa na mapigo bado yapo, hayajaisha, na hicho ndicho nataka tuongee, vile mtu anaweza kuwa na mapigo yake na bado awe na maisha yake.

Kama hujapimwa anza na hapo, usisome maneno ya mtu usiyemjua ukajipa afueni. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, yenyewe ni dakika chache, unalala kitandani unabandikwa stika kifuani, mikononi na miguuni, basi. Huku kwetu kuna sababu ya maana ya kutoruka hiyo hatua, ule ugonjwa wa vali za moyo unaoanzia kwa maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa bado uko sana Afrika Mashariki na mtu anaweza kufika utu uzima bila kujua anao. Huo unaonekana kwa eko, picha ya moyo inayopigwa na mashine ya aina ile ile wanayotumia kliniki kwa mama mjamzito. Damu nayo waiangalie, hemoglobini, potasiamu na tezi ya thairoidi, kwa sababu upungufu wa damu peke yake unaweza kufanya moyo udunde vibaya na kina dada wenye hedhi nzito wengi wanatembea nao bila kujua. Ukishamaliza hayo na majibu yakawa mazuri, rudi tuendelee.

Sasa kinachotokea mle ndani, kwa sababu mimi kilichonisaidia kwanza ni kuelewa. Upande wa juu kulia wa moyo kuna kasehemu kadogo ndiko kanakotoa umeme wa kuamrisha mapigo, 60 hadi 100 kwa dakika ukiwa umetulia, ukijumlisha siku nzima unakaribia 100,000. Lakini seli zingine za moyo nazo zina uwezo wa kutoa umeme zenyewe, na mara moja moja kuna moja inatangulia zamu yake. Fikiria makanga amegonga gari kabla abiria hawajaingia, gari inatoka na watu wawili, stage inakaa kidogo bila gari, watu wanajazana, na ile inayofuata inaondoka imejaa hadi mlangoni. Lile pigo la mapema linatoka na damu kidogo, mara nyingi hata hulisikii, alafu moyo unasubiri kidogo na hapo ndipo unaona umesimama, kumbe unajaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata linasukuma kwa nguvu. Ule mdundo unaokufanya ushike kifua ni pigo zuri tu lililojaa. Madaktari wanayaita ektopiki, mengine yanatoka vyumba vya juu mengine vya chini.

Daktari alinionyesha kwenye karatasi yenyewe. Ni ile karatasi ya pinki yenye viboksi vidogo vidogo, vilele vyembamba vimejipanga sawa sawa, katikati kimoja kipana kimekuja mapema, kinafuatwa na nafasi tupu, halafu vile vyembamba vinaendelea na safari yao. Akaweka ncha ya kalamu kwenye ile nafasi tupu akaniambia hapa ndipo unapoogopea. Tukahesabu viboksi vikubwa pamoja, kila kimoja ni sekunde 0.2, na ile nafasi ambayo mimi nikiwa kitandani naiona ni ndefu hadi naanza kusali haikufika hata sekunde mbili.

Baadaye nikavalishwa Holter. Kwa wale hawajaiona ni kaboksi kadogo ka kurekodi mapigo mchana na usiku, kanakaa kiunoni, nyaya zinapita chini ya shati hadi kwenye stika za kifuani, kwa mwanaume mwenye nywele nesi anapitisha wembe kwanza ndio stika zishike, na ile ya nyaya huogi hadi uirudishe. Unapewa na karatasi ya kuandika saa na ulichokuwa ukifanya kila ukihisi kitu. Nilipanda nayo matatu jioni, jam ya Jogoo Road, nimebanwa kiti cha nyuma kalamu mkononi. Majibu yaliporudi ndio nikashangaa, mengi ya mapigo ya ziada yalikuja saa ambazo sikuandika kitu, nikiwa nimelala, nikila, nikiongea kwa simu na mamangu. Na kuna mahali nimeandika "mbaya sana", mashine inaonyesha moyo unadunda kwa mpangilio mzuri, umeongeza tu kasi kidogo. Yaani kipimo changu cha hofu na kipimo cha mashine havikuwa vinaongea kitu kimoja.

Kuhusu idadi, watu wengi wenye moyo mzima kabisa wakivalishwa hiyo mashine siku nzima wanapatikana na haya mapigo. Kwa yale ya vyumba vya chini madaktari huanza kufuatilia kwa karibu yakifika kama 10% ya mapigo yote, hesabu yake ni kama 10,000 kwa siku, kwa sababu yakiwa mengi hivyo kwa muda mrefu yanaweza kuchosha misuli ya moyo. Na hata hapo kuna dawa, kuna pia kuichoma ile sehemu korofi kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa. Mtu mwenye moyo mzima na mapigo ya ziada mia kadhaa yuko mbali sana na huko.

Kuna swali kila mtu huuliza, mbona basi wasinipe dawa yaishe? Miaka ya 80 kule Marekani walifanya jaribio kubwa linaitwa CAST, walichukua watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo wakawapa dawa za kuyafuta haya mapigo, na dawa ziliyafuta kweli. 1989 wakalazimika kuziondoa mbili kati ya hizo kwenye jaribio kwa sababu waliozimeza walikuwa wanakufa zaidi kuliko waliomeza tembe zisizo na dawa ndani. Wale walikuwa wagonjwa tayari, sio watu kama sisi, lakini tangu siku hizo daktari mzuri hakimbilii kukupa dawa ya kusafisha karatasi ya ECG wakati moyo wenyewe hauna shida. Kwa hivyo akikurudisha nyumbani bila tembe, hajakupuuza.

Sasa tufike kwa hofu yenyewe, hapa ndipo nataka tukae.

Ukihisi pigo ukashtuka, mwili unamwaga adrenalini. Adrenalini inaongeza kasi ya moyo na inafanya zile seli za kutangulia ziwe rahisi zaidi kuwaka, kwa hivyo unapata lingine, na hilo linathibitisha kile ulichokuwa ukiogopa, unashtuka zaidi. Hapo mkono umeshafika shingoni unahesabu. Ukihesabu ukaona iko sawa unapata nafuu ya dakika chache, alafu wazo linarudi, "na kama sasa imebadilika?" unahesabu tena. Kila ukipima ukapata nafuu akili inajifunza kwamba ni kupima ndiko kulikokuokoa, na kesho itakudai upime zaidi. Ndio maana nasema ukishaambiwa moyo uko sawa kazi iliyobaki ni ya huo mkono. Moyo umepiga tangu ukiwa tumboni mwa mama yako bila kusimamiwa na mtu.

Na kupima kuna sura nyingi. Kuna saa janja. Kuna kile kidude cha kidole ambacho watu walinunua wakati wa korona. Kuna kumwambia bibi yako "hebu weka sikio hapa". Kuna kurudi kufanya ECG kwa hospitali nyingine juu ile ya kwanza labda hawakuona vizuri. Kuna kusoma mtandaoni hadi saa tisa usiku. Kuna pia kukwepa, kuacha ngazi unangoja lifti, kuacha mpira, kutolala upande wa kushoto, kutosafiri ushago kwa sababu hospitali iko mbali. Zote ni kazi moja.

Kilichofanya kazi kwangu ni kupunguza hizo moja moja, sio kwa siku moja. Saa janja ilianza kulala sebuleni. Mkono ukitaka kwenda shingoni najiambia mwenyewe "dakika kumi", nafanya kitu kingine, na zikiisha mara nyingi hamu imepungua. Pigo likija nikiwa naongea namalizia sentensi. Hiyo ya kumalizia sentensi ni ngumu kuliko inavyosikika, kifua kimekubana na unataka kunyamaza usikilize, lakini ukiimaliza mara ya kwanza, na ya pili, unaanza kuona kwamba pigo limepita na hakuna kilichotokea, na hilo lazima ulione wewe mwenyewe juu daktari ameshakuambia na haikutosha.

Nikabanwa zaidi nikaenda kwa mshauri nasaha, tukafanya ile tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia. Sikwenda kwa sababu "iko kwa akili". Mapigo ni ya kweli, yalionekana kwa karatasi, hofu nayo ni ya kweli, na hofu ina matibabu yake. Kama huna pesa ya mshauri anza na namba ya bure ya Red Cross Kenya, 1199, utapata mtu wa kukusikiliza.

Leteni zenu.

---

MamaTwins_Kayole:

Asante sana Karani, umeongea maisha yangu. Mimi yalianza nikiwa na mimba ya mapacha, kliniki wakasema damu mwilini imeongezeka ndio moyo unafanya kazi zaidi, nikajua nikijifungua yataisha. Yalipungua lakini nikila nikashiba nikikaa kwa kochi yanaanza, moja, moja, moja. Nimefika mahali naogopa chakula cha jioni. ECG na eko zote sawa.

Karani_Donholm:

Pole mamaa. Hii ya kushiba ni ya kawaida sana. Tumbo likijaa na gesi linasukuma kwa juu, na kuna neva ndefu inaitwa vagasi inayopita shingoni hadi tumboni, inahudumia moyo na tumbo pamoja, ikichokozwa upande mmoja na mwingine unasikia. Kula kidogo kidogo, usilale hapo hapo, tembea na hao mapacha kidogo hapo nje. Lakini usiache kula jioni kwa sababu ya kuogopa, hapo hofu ndio itakuwa inakupangia meza.

Nesi_wa_Zamu:

Nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa kawaida, sitasema wapi. Huu uzi ni mzuri na nataka kuongeza kitu ili mtu asije akakaa nyumbani na shida ya kweli. Zifuatazo si za kungoja: kuzimia au kutaka kuzimia moyo ukiruka, maumivu ya kifua ya kubana, kukosa pumzi, moyo kuanza kukimbia ghafla na kukataa kutulia ukiwa umekaa tu, au mapigo kuja ukiwa katikati ya mazoezi makali na unapata kizunguzungu. Pia kama kwenu kuna mtu alikufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana, mwambie daktari hata kama hajauliza. Na wazee wetu, mzee wa miaka 65 na zaidi ambaye mapigo yake hayana mpangilio kabisa wakati wote, sio kuruka mara moja moja, apelekwe haraka, ile ni aina nyingine inaweza kutengeneza damu iliyoganda na kuleta kiharusi, na ina dawa.

Kitu kingine, dawa tunazomeza. Dawa za mafua za kufungua pua zenye pseudoephedrine zinasukuma moyo, pampu ya asthma ya salbutamol pia. Usiache pampu yako ya asthma! Mwambie tu daktari. Na tafadhali msiende kwa kemisti kuitisha propranolol kwa sababu rafiki alipewa, ukiwa na asthma inaweza kukubana kifua vibaya sana.

Dereva_Rongai:

Nesi na mimi je. Naendesha usiku. Muguka na zile soda za nguvu ndio zinanishikilia hadi asubuhi. Moyo unaruka nikifika nyumbani nikilala, ukiwa mbaya nakaa nje kwa ngazi hadi jua litoke. Nilipimwa presha wakasema iko sawa kwa hivyo sijui.

Nesi_wa_Zamu:

Ndugu yangu, presha na mpangilio wa mapigo ni vitu viwili, presha inaweza kuwa nzuri na hujajua chochote kuhusu mpangilio. Nenda ufanyiwe ECG. Miraa na muguka zina kathinoni, hiyo ni kemikali ya familia moja na amfetamini, inapandisha kasi ya moyo na presha, ukiongeza kafeini ya zile soda na kukosa usingizi umeweka vitu vitatu vya kuamsha mapigo ya ziada kwa usiku mmoja. Siwezi kukuambia uache kazi. Anza na hizo soda, weka maji badala yake, na mwambie daktari ukweli wote kuhusu muguka, hatakushtaki.

Dereva_Rongai:

Sawa nesi. Wiki ijayo niko ofu nitaenda.

Kasisi_Mdogo:

Kwa heshima zote, nafikiri tunakuza kitu kidogo. Wazazi wetu walilima, walikuwa na mioyo, hawakuwa na haya mambo. Hii ni ya kizazi cha simu na kukaa ofisini. Tuombe, tufanye kazi, tuache kujisikiliza.

Karani_Donholm:

Kasisi hapo kwa kuacha kujisikiliza tunakubaliana kabisa, na maombi yamenishika mkono usiku mwingi. Lakini si ya kizazi cha simu. 1871 kuna daktari Mmarekani Jacob Da Costa aliandika kuhusu wanajeshi waliotoka vita vya wenyewe kwa wenyewe, vijana wenye nguvu, moyo unadunda, kifua kinauma, pumzi inakata, na akiwapima wengi wao haoni ugonjwa wa moyo. Hawakuwa na simu. Na wazazi wetu walikuwa nayo, mamangu nilipomwambia yangu akasema "kumbe ndio hiyo", ameisikia tangu akiwa msichana na hajawahi kumwambia mtu. Kumwambia mtu mwenye hii hofu kwamba ni kitu kidogo hakumpunguzii, kunamfanya anyamaze tu.

Kasisi_Mdogo:

Nimekuelewa, nashukuru kwa kunijibu kwa upole. Nitamuuliza mamangu pia.

Fundi_Gikomba:

Mimi swali langu ni moja, ECG ile ilichukua sekunde ngapi sijui, kabla nijue imeisha, na moyo wangu unaruka mara mbili tatu kwa siku. Wameona nini hapo??

Nesi_wa_Zamu:

Swali la maana. Karatasi ya kawaida inashika kama sekunde 10. Haikusudiwi kushika lile pigo lenyewe, inaangalia vile umeme unapita kati ya mapigo, kama kuna njia ya mkato, kama kuna alama za mshtuko wa zamani, kama ule mwendo wa kujichaji upya umechelewa. Eko inaangalia misuli na vali. Hizo mbili zikiwa safi, na huzimii, na kwenu hakuna vifo vya ghafla, yale mawili matatu kwa siku huwa hayatishi hata yasiposhikwa. Yakizidi wataongeza Holter, ya saa 24 au 48 au hata ya siku zaidi.

Binti_wa_Ruaka:

Nimesoma kimya hadi hapa. Babangu alikufa ghafla, moyo, nikiwa kidato cha tatu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kila pigo likiruka naona siku ile. Nimepimwa kila kitu na kila mtu ananiambia uko sawa na sina uwezo wa kuamini. Nahesabu hadi nikiwa kwa mkutano chini ya meza.

Karani_Donholm:

Pole sana dada, pole kwa mzee. Wewe hofu yako ina mahali ilipotoka na hakuna mtu atakuambia ni ya bure. Nitakuambia vile naona na Nesi anisahihishe. Hiyo historia ya baba ilikuwa na kazi moja, kuhakikisha umepimwa vizuri zaidi kuliko sisi wengine, na kama uliiambia daktari na akakupima akijua hilo, basi imeshafanya kazi yake. Kama hukuiambia, rudi mara moja uiseme, uulize wazi, "baba yangu alikufa hivi na hivi, kuna kipimo kingine nahitaji?" Jibu lake liandike kwa karatasi, na tarehe. Siku hofu ikikuuliza tena, soma jibu, usipime.

Na ile siku ya baba inahitaji mtu wa kuiongelea, hiyo si ya daktari wa moyo. Ungepata mshauri wa mambo ya msiba. Nafikiri kuna kilio hapo hakijapata nafasi na kinatumia moyo wako kuongea.

Nesi_wa_Zamu:

Amesema vizuri. Niongeze tu kwamba mshtuko wa moyo wa mtu wa hamsini na kitu mara nyingi ni mishipa ya damu kuziba, ni habari ya presha, sukari, sigara, mafuta ya damu. Hayo unaweza kuyapima na kuyafuatilia kila mwaka, na hayahusiani na kuhesabu mapigo chini ya meza. Jali moyo wa baba kwa njia hiyo.

Binti_wa_Ruaka:

Sikuwa nimewahi kutenganisha hivyo viwili. Asanteni. Nitarudi kwa daktari na hilo swali.

Mwalimu_Kasarani:

Je, chai? Nimeacha kahawa, sasa naambiwa niache na chai, nitafundisha na nini.

Karani_Donholm:

Mwalimu usiache kitu kwa kuambiwa. Kuna utafiti ulifanywa San Francisco ukachapishwa 2023, watu wazima 100, siku wanakunywa kahawa na siku hawanywi wakiwa wamevaa mashine. Siku za kahawa mapigo ya ziada ya vyumba vya chini yaliongezeka kama nusu, ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa maana yoyote, na walilala dakika 36 pungufu. Mwingine itamgusa mwingine haimgusi. Chai ina kafeini chini ya kahawa. Jaribu wiki mbili bila, alafu wiki mbili nayo, ukiona hakuna tofauti kunywa chai yako na tangawizi yako kwa amani. Mimi kilichoniletea tofauti ya wazi ni usingizi, na pombe, hasa asubuhi ya pili yake. Vile vidonge vya magnesiamu vya bei sijaona vikinifanyia kitu, na mwenye shida ya figo asiviguse bila daktari. Sukuma, maharagwe, ndizi, parachichi, hizo tunazo sokoni.

Fundi_Gikomba:

Na kidude cha kidole kiliniandikia mapigo 41 kwa dakika, nikakimbia hospitali na pikipiki, nikafika wakanipata 78.

Nesi_wa_Zamu:

Kile kinahesabu damu inayofika kidoleni, na pigo la mapema linatoka na damu kidogo hadi kidude hakilioni. Yakija kwa kupokezana, pigo moja sawa, moja la mapema, kwa muda, kinahesabu nusu. Mashine za presha za nyumbani pia huweka alama ya mapigo yasiyo na mpangilio kwa sababu hiyo hiyo. Alama ikija kila ukipima mweleze daktari, ikija mara moja moja na umeshachunguzwa, endelea na siku yako. Lakini ECG ikionyesha 41 kweli na uko na kizunguzungu, hiyo ni stori tofauti.

MamaTwins_Kayole:

Usiku je? Ikianza saa nane na watoto wamelala na huwezi kuamsha mtu, mnafanya nini hasa? Nataka kujua mnafanya nini kwa mikono.

Karani_Donholm:

Kwa mikono, mamaa, mimi naiweka chini ya mto. Kweli kabisa, ndio isiende shingoni. Nageuka nilalie kulia, ukilala kushoto moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua na kila kitu kinasikika zaidi. Navuta pumzi kidogo tu kwa pua, naitoa pole pole, ndefu kuliko nilivyovuta, bila kuhesabu mapigo, nahesabu pumzi. Simu iko mbali na kitanda, hiyo ni sheria. Nikiona zimepita kama dakika ishirini na bado niko macho sigombani na kitanda, naamka naenda jikoni nafanya kitu kinachochosha, nachagua ndengu za kesho, nakunja nguo, taa ndogo. Hofu yenyewe ikipanda sana hadi mikono inatetemeka najua kilele chake ni kama dakika kumi hivi alafu inashuka, nikiipigania au nisipoipigania, kwa hivyo naiacha ipande. Mapigo yakiendelea wakati nakunja nguo yanaendelea, nguo zinakunjwa.

Winga_wa_Umoja:

Wakuu mimi nimeacha mpira tangu mwaka jana kwa sababu ya hii kitu. Nina miaka 27. ECG, eko, Holter, zote wakasema niko sawa na naweza kucheza, daktari alisema kabisa kwa mdomo wake cheza. Jumamosi timu ya mtaa inacheza na watu wa Buruburu na wananiitisha. Nikicheza yakianza uwanjani nifanye nini?

Karani_Donholm:

Kama daktari amesema cheza, cheza. Pasha mwili moto pole pole kwanza, dakika kumi na tano hivi, usianze na mbio za kasi. Mapigo haya yasiyo na madhara mara nyingi hupotea moyo ukishaongeza kasi, juu lile pigo la kawaida linafika kabla la ziada halijapata nafasi. Mahali yatarudi ni ukishasimama, unapopoa, adrenalini bado iko juu na moyo unapunguza kasi, hapo unaweza kuhisi matatu manne yakifuatana na mapumziko. Kwa hivyo filimbi ikilia usikae chini ghafla, tembea tembea uwanjani, kunywa maji. Na kama itaanza ukiwa katikati ya mbio na uhisi kizunguzungu au kifua kubana, toka, mwambie kocha, na urudi kwa daktari.

Winga_wa_Umoja:

Sawa mkuu. Nimewajibu wanipe nusu ya pili.